Mto wa Nyonga ya Kulia

Tarehe 3 Februari

Kwa mwanangu mpendwa Kinanda,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mkwe wangu, na huyo aliyemo ndani ambaye bado hatujamjua sura. Sisi huku hatujambo. Baba yako hajambo, anagonga mbao za makochi tangu asubuhi, na bado anachomeka penseli nyuma ya sikio halafu ananiuliza mimi iko wapi. Bibi yako hajambo, ni magoti tu, lakini mdomo hauna goti, huo unatembea. Kaka yako hajambo, amenenepa, mke wake anasema ni mapenzi, mimi nasema ni mikate. Watoto wao hawajambo, wamechomoa springi ya kochi la mteja wakaruka nayo mpaka ikapotea. Mama yako mdogo anakusalimu sana. Fundi saa wa mlango wa pili anakusalimu, saa ya ukutani kwetu bado hajairudisha. Hata paka hajambo, amezaa wanne juu ya sponji mpya ya watu. Yeye hakupasuliwa.

Kama unajiuliza kwa nini naandika na sipigi, simu ilitumbukia kwenye ndoo ya gundi. Baba yako aliiopoa, ikakauka, sasa tunazuilia mlango. Na hata ingekuwepo, kwenye simu wewe unanikatiza. Barua unaletewa na dereva wa lori la magodoro, anapita huku akijisikia.

Sasa neno lenyewe. Umesema daktari ameshaamua utajifungua kwa kupasuliwa, kwa ajili ya ule uvimbe waliokutoa mwaka juzi. Sawa, sibishi, daktari ana macho ya ndani. Ila nasikia siku hizi wanapiga sindano ya mgongoni, mtu anakufa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini huku macho yako wazi. Hiyo usikubali. Ule uvimbe walikulaza usingizi mzima, ukaamka salama ukaomba chai. Waombe huo huo. Usiniulize kwa nini. Mimi ni mama yako na nimeshasema.

Nijibu upesi, usiku silali vizuri.

Ni mimi mama yako

*

Tarehe 17 Februari

Mama yangu mpendwa, shikamoo. Msalimie baba, shikamoo yake pia, na bibi, na wote hadi paka. Mimi sijambo, miguu tu imevimba, kazini dukani wamenipa kiti, nauza rangi nimekaa kama malkia. Mkweo hajambo. Yeye ni fundi umeme, anashika nyaya bila woga, lakini juzi daktari alitaja neno damu tu akatafuta ukuta wa kuegemea.

Mama, nimekwenda kuonana na mtaalamu wa ganzi na usingizi. Ni bwana mfupi, mcheshi, wauguzi wote wanamwita Bwana Ganzi na mwenyewe anaitika. Nikamwambia nataka usingizi mzima. Akaniuliza, "Nani kakutuma?" Nikasema mama. Akacheka, akasema mama za watu ndio wakubwa wake wa kazi.

Halafu akaacha kucheka. Anasema kwa mwenye mimba kama mimi, sindano ya mgongo ndiyo salama zaidi, kwake na kwa mtoto. Tena nitamsikia mtoto anapolia mara ya kwanza. Usingizi mzima watanipa ikibidi, hawatanilazimisha, ila angependa kujua sababu. Akauliza: kuna mtu kwenu aliyewahi kupata shida na sindano hii? Nikasema hayupo.

Mama, nilisema kweli?

Mwanao, Kinanda

*

Tarehe 1 Machi

Mwanangu Kinanda,

Salamu. Hatujambo wote, baba yako, bibi yako, kaka yako na watu wake. Paka mmoja mdogo amechukuliwa na fundi saa, labda kama malipo ya ile saa.

Huku kazi nyingi. Mwalimu mkuu mstaafu ameleta kochi lake tulivishe kitambaa upya. Nimefungua mgongo wa kochi nikakuta vijiko vitatu na meno ya bandia. Nikamwita, "Mwalimu, haya ni ya nani?" Akayatazama, akasema, "Kumbe mke wangu nilimsingizia bure." Bibi yako amecheka mpaka tumemshika. Kile kitambaa cha bluu kimeisha dukani. Mvua imenyesha, bati la jikoni linavuja palepale pa zamani. Miguu ikivimba iweke juu ya mto.

Swali lako nimelisoma. Kuna watu sindano hiyo haiwafai, basi. Wengine wanaona dunia inazimika. Nimesikia tu. Waambie mama amekataa.

Jibu upesi.

Mama yako

[Chini kabisa, kwa penseli ya seremala:]

Mwanangu, mama yako hajasikia tu. Muulize siku uliyozaliwa. Mimi nilikuwa nje ya mlango. Asijue nimeandika. Baba.

*

Tarehe 12 Machi

Mama, shikamoo, na wote nyumbani.

Leo siandiki ndefu. Nilipokwenda kliniki mara ya kwanza nilikuwa siogopi. Sasa naogopa, na kibaya zaidi sijui ninachokiogopa. Bwana Ganzi amenipa mpaka mwezi ujao niamue. Nikimwambia mama hataki, ananiuliza hataki nini, na mimi namwambia bado nangoja barua.

Kunyamaza kwako kunanitisha kuliko sindano.

Mama, siku ile nilizaliwaje?

Kinanda

*

Tarehe 22 Machi

Mwanangu, uzao wangu,

Salamu zako zimefika, na wote wanakusalimu, nitawataja siku nyingine. Baba yako anadhani sikuiona penseli yake. Mimi ndiye ninayemnunulia hizo penseli.

Haya, sikiliza. Nilishikwa na uchungu mpaka ukachoka wenyewe, wewe ukagoma kutoka. Wakasema tumpasue. Wakanikalisha, wakanichoma mgongoni, miguu ikawa ya mtu mwingine. Wakanilaza chali. Wakasema usitikisike, na mimi ni mtu wa kusikia, nikalala chali kama ubao wa baba yako, sipepesi hata jicho.

Haukupita muda masikio yakaanza kulia. Jasho likanitoka la baridi. Moyo ukawa unazama, mwanangu, kama jiwe kwenye ndoo, na kichefuchefu kikanijia mpaka hapa. Nilitaka kusema. Nikajiambia, wewe nawe, hawa watu wana kazi, utawasumbua na kichefuchefu chako? Nikanyamaza. Taa ya juu ikaanza kwenda mbali, ikawa ndogo kama kifungo. Nikasikia mtu anapaza sauti, "Presha! Presha imeshuka!" na miguu inakimbia. Nikajua ndio basi. Nikamuaga baba yako moyoni, nikamwambia asioe yule wa duka la nyuzi.

Halafu mbali, mbali sana, kama nyumba ya tatu wanapiga kinanda, nikasikia sauti. Haikatiki. Inapanda, inashuka, inapanda. Nikaishika ile sauti kama mtu anavyoshika kamba gizani, nikaja nayo polepole, polepole, mpaka taa ikarudi kuwa taa. Ulikuwa wewe unalia.

Watu wote wanadhani tulikuita Kinanda kwa kuwa ulikuwa mlizi. Na mlizi ulikuwa, majirani walihama. Lakini jina lilitoka pale.

Sikukuambia kwa sababu sikutaka ujue kwamba siku ya kuja kwako mimi nilikuwa naondoka. Mtoto hapewi mzigo kama huo. Walinipa dawa nikapona, hakuna aliyenieleza kulikuwa na nini, na mimi sikuuliza. Sasa umejua. Usikubali ile sindano.

Mama yako, anayengoja jibu mlangoni

*

Tarehe 2 Aprili

Mama, mama yangu. Shikamoo mara mia.

Nililia, halafu nikafika pale pa duka la nyuzi nikacheka, mkweo akaja mbio akidhani nimeshikwa na uchungu. Barua yako nimempelekea Bwana Ganzi. Ameisoma, akavua miwani, akaisoma tena. Akasema, "Huyu mama angekuwa hapa ningemfundishia wanafunzi." Amenieleza kila kitu, na amenituma nikueleze wewe, maana anasema uliondoka hospitali bila kupewa haki yako.

Sindano ile inalegeza mishipa ya damu ya miguuni. Ni kama nyumba ya ghorofa, mabomba yote ya chini yakifunguliwa kwa pamoja, wa juu hawapati maji. Wa juu ndio kichwa na moyo. Hiyo ndiyo kiu iliyokupa giza na kichefuchefu. Na kuna la pili: tumbo zito, mtu akilala chali, linaulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kwa hiyo wewe ulipolala chali bila kutikisika, ulikuwa unawatii huku unajiziba mwenyewe.

Sasa hivi hawangoji presha ishuke ndipo wakimbie. Wanaitangulia. Sindano ikishaingia tu, wanafungulia dripu ya maji, na pembeni dawa ya kukaza mishipa inaingia taratibu tangu mwanzo, kabla shida haijabisha hodi. Mkanda wa presha mkononi unapima kila dakika. Na hawamlazi mtu chali! Wanamwekea kitu chini ya nyonga ya kulia, ainame kidogo kushoto, tumbo literemke kutoka kwenye ule mshipa. Wao hutumia shuka lililokunjwa, Bwana Ganzi anasema linakunjuka na kuteleza kila mara, linamkera kuliko kitu chochote duniani.

Anasema bado presha inaweza kushuka kidogo, hakuna anayeapa. Ila wataiona mapema. Na neno moja ameniwekea kidole usoni: "Mama yako alinyamaza. Wewe usinyamaze. Kichefuchefu ni kengele, ukikisikia tu, piga kelele."

Nimeikubali sindano, mama. Nataka nimsikie akilia, kama ulivyonisikia mimi. Lakini sitaki kwenda na kukataa kwako mgongoni. Nipe neno lako.

Kinanda

(Mtoto mwenyewe amegeuka, amekaa kitako kama mwenyekiti wa mkutano. Hata bila uvimbe wangenipasua tu.)

*

Tarehe 10 Aprili

Mwanangu,

Wote hatujambo, salamu zao ziko ndani ya kifurushi.

Barua yako baba yako amenisomea mara mbili na mimi nikaisoma mwenyewe mara moja, polepole, na kidole. Nilikaa chini. Miaka yote hii nilidhani nilikufa kidogo, kumbe nilikuwa nimelazwa vibaya.

Sindano nimekubali. Shuka sikubali.

Haiwezekani mimi niwe fundi makochi, niwatengenezee watu wasionihusu pa kuegemea, halafu mwanangu awekewe shuka lililokunjwa linaloteleza. Nakuletea mto, nimeukata pembe kama kabari, sponji ngumu namba moja. Baba yako aliuliza wa kazi gani, nikamwambia wa mwenyekiti. Umwambie huyo bwana aniambie kama umefaa, na jibu lije upesi, mkasi bado uko mezani.

Mama yako

*

Tarehe 20 Aprili

Mama, shikamoo!

Mto umefika. Dereva aliubeba mbele, ameuegemea njia nzima, anauliza utamuuzia shilingi ngapi.

Nimeupeleka. Bwana Ganzi alifungua kifurushi mbele ya wauguzi wote. Mahameli nyekundu. Vifungo vinne. Matamvua ya dhahabu pande zote! Akakaa chini. Akasema, "Huu si wa upasuaji, huu ni wa bwana harusi." Sista mkuu wa chumba cha upasuaji, ambaye hacheki mpaka mwaka uishe, alitoka nje na mabega yanamtikisika.

Halafu akaupima. Anasema kwa kimo hicho sitainama, nitamwagika sakafuni kama mchele. Lakini mama, hakuutupa. Aliubonyeza, akaugeuza, akasema sponji hii ndiyo, haidanganyi. Ametuma vipimo: upande mnene usizidi upana wa kiganja, vidole vikiwa vimebanana, upande mwingine uishie bila kitu. Vifungo hapana, vitamchimba mtu asiye na hisia na hatajua. Mahameli hapana, inakunywa damu na uchafu. Sista mkuu anataka ile ngozi ya plastiki inayofutika kwa dawa, mshono uwe chini. Matamvua, anasema, anaomba abaki nayo mwenyewe.

Mimi sijambo. Siku ya upasuaji bado bado, wataniambia.

Kinanda

*

Tarehe 28 Aprili

Mwanangu, salamu kwa kifupi, dereva anapiga honi.

Mto huo hapo. Kimo nimekipima kwa kiganja changu, halafu cha mke wa kaka yako, tukachukua cha katikati. Ngozi ni ile ya viti vya kinyozi, nimeimwagia chai na wino nikafuta, haikubaki alama. Mshono uko chini. Tamvua hakuna hata moja, imeniuma lakini hakuna.

Umeniandikia habari zote ila siku. "Bado bado." Mimi nilikulea, wewe ukisema bado bado ujue sufuria imeshavunjika. Sawa, nifiche. Lakini ukiwa pale, kichefuchefu kikija usiwaonee haya watu. Piga kelele kama ulivyopiga siku ya kwanza.

Neno langu unalo. Nenda nalo.

Mama

*

Tarehe 8 Mei

Mama yangu, shikamoo. Bibi shikamoo. Baba shikamoo. Kaka, wifi, watoto, fundi saa, paka na wanawe, wote wote, ninyi sasa mna mtu mpya!

Ni wa kike. Mzima, ana nywele, ana kidevu cha baba na hasira ya bibi.

Nisamehe. Siku nilikuwa naijua tangu barua ya ule mto mwekundu. Nilijua nikikuambia utapanda lori la magodoro ukiwa na mkasi mkononi.

Mto wako uliingia chumba cha upasuaji kabla yangu. Sista mkuu aliusugua mwenyewe kwa dawa, akauweka mezani, akaubonyeza, akasema "Hm." Wauguzi wanasema hiyo kwake ni hotuba. Bwana Ganzi alinikalisha, nikakunja mgongo, sindano ikachoma kidogo tu, joto likashuka miguuni. Wakanilaza, mto chini ya nyonga ya kulia, nikainama kushoto kama mtu anayesikiliza siri ya jirani. Haukuteleza hata unywele. Dripu inakwenda, dawa pembeni inakwenda, mkanda unanibana mkono, unaachia, unanibana. Bwana Ganzi alikuwa kichwani pangu, anasoma namba kwa sauti kama mtu wa bahati nasibu.

Mama, kikaja. Kidogo tu, hapa kooni, na masikio kama yanataka kulia. Nikaona haya, kweli kabisa, watu wameinamisha vichwa wanafanya kazi. Nikakukumbuka. Nikapiga kelele, "KICHEFUCHEFU!" Chumba kizima kikaruka. Mkweo, waliyemketisha karibu na kichwa changu amefumba macho, alianguka na kiti chake.

Bwana Ganzi akasema, "Safi sana, binti wa fundi," akatazama mkanda, akaongeza dawa kidogo, na kabla hajamaliza kusema pole kikaondoka. Kikaondoka, mama! Taa haikwenda popote. Niliitazama makusudi. Ilikaa palepale ukubwa uleule.

Halafu akalia.

Sauti yake sikuandikii. Hiyo utaisikia mwenyewe.

Mto wako nimewaachia. Nilitaka kurudi nao, sista mkuu akasema kwa lugha yake, "Unabaki." Mama mwingine aliulalia kesho yake, akasalimika. Bwana Ganzi anauliza kama fundi anaweza kushona miwili mingine, na anasema safari hii atalipa, si kwa matamvua.

Wako, na mjukuu wako ambaye hatujampa jina kwa sababu tunakungoja wewe,

Kinanda

*

Tarehe 16 Mei

Kwa mwanangu Kinanda, na mjukuu wangu, na mkwe wangu aliyeanguka na kiti, salamu!

Baba yako hajambo, amesoma barua akaingia karakana akafunga mlango, akatoka macho mekundu, anasema ni vumbi la mbao. Leo hakukata ubao hata mmoja. Bibi yako hajambo, amesimama kwa magoti yale yale akacheza, sasa hawezi kukaa, tumemwegemeza. Kaka yako na watu wake hawajambo, watoto wanakimbia barabara nzima wakipiga kelele KICHEFUCHEFU, majirani hawaelewi. Mama yako mdogo anadai alishaota ni wa kike. Fundi saa amerudisha saa, kwa furaha tu, na haitembei. Paka hajambo. Mimi sijui nikoje. Nimecheka na kulia mpaka dereva akanipa kitambaa chake cha kufutia vioo.

Ile taa nimeisoma mara nyingi kuliko yote. Kwamba ilikaa palepale. Mimi yangu imekuwa ikinijia usiku miaka yote, ndogo kama kifungo. Jana nimelala, haikuja.

Mito miwili iko tayari, na wa tatu nimeshona bila kuulizwa. Mmoja kati ya hiyo una tamvua moja ndogo, upande wa chini ambapo sista mkuu hataiona. Asipoiona usimwambie.

Nakuja nayo. Dereva amekubali nipande naye, amesema nitakaa juu ya magodoro kama mzigo wa thamani. Mtoto mumlaze chali, mke wa kaka yako anasema kliniki ndivyo wanavyofundisha siku hizi, mtoto chali, na mama ndiye wa kuinama ubavu. Dunia imegeuka lakini nimeshajifunza kutobisha.

Jina nimelifikiria, sitaliandika mpaka nimemsikia. Ila dereva anasema ana mizigo ya kushusha njiani, anaondoka huku wiki ijayo, na mwenzake wa lori dogo, huyo anayekuletea barua hii, atarudi huku kabla ya hapo. Mpe yeye jibu. Najua umesema nije nisikie kwa masikio yangu, lakini mimi si mtu wa kungoja, unanijua. Mstari mmoja tu mwanangu, upesi, hata kwa penseli: analia kama nini?

Mama yako, sasa bibi wa mtu